Chafya ya Baba Mkwe

Jamani, chafya ya baba mkwe wangu mimi nilikuwa naijua kabla haijatoka. Kwanza anainua kidevu. Halafu "haa", "haa", kisha ile "haaa" ndefu, macho kayafumba. Mkono hauendi mdomoni hata siku moja! Anaiachia hapo hapo mezani, juu ya supu za watu, anafuta pua kwa kiganja, na kwa kiganja hicho hicho anamkatia mwanangu mkate. Ptuu! Mpaka leo nikikumbuka nasikia kichefuchefu.

Na mwanangu, mtoto wa miaka mitatu, kikohozi kilikuwa hakimwishi. Nilitaka jambo moja tu: ale mbali na babu yake. Mume wangu hakutaka hata kusikia.

"Unamsingizia mzee," akasema. "Mimi nakaa naye bega kwa bega, mbona sioni kitu?"

"Huoni kwa sababu hutaki kuona."

"Basi nionyeshe."

Kamwambia nani! Mtaani wananiita Mama Flashi. Kazi yangu ni kupiga picha za vitu vya kasi: puto linapopasuka, maziwa yanaporuka kutoka kwenye glasi. Watu hudhani kazi hiyo inataka flashi kali. Wapi! Unaipunguza nguvu, ndipo mwako wake unakuwa mfupi kuliko kupepesa jicho, halafu unaisogeza karibu. Chumba kinakuwa na giza, ili kamera isione kitu ila kile kilichomulikwa.

Jumapili mchana nikafunga mapazia, nikawaambia nataka picha nzuri ya familia mezani. Baba mkwe akafurahi, akachana nywele. Nyuma yao nikatundika kitambaa cheusi, flashi nikaiweka ubavuni. Pilipili manga nikaimwaga kwenye supu yake bila uchoyo.

"Mwanangu, leo supu imekolea," akanisifu.

Kidevu kikapanda. Haa. Haa. Haaa... nikabonyeza.

Nilipoifungua picha kwenye kompyuta, mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Loo! Matone yamesimama hewani, moja moja, kama mchele uliorushwa. Mengine yana mikia ya kunata. Mengine yanatua kwenye mkate, na kundi zima linaelekea kwenye bakuli la mwanangu, naye kijiko mkononi, mdomo wazi. Nikaziba mdomo.

"Haya, sema tena namsingizia," nikamwambia.

"Haki ya Mungu, sikujua," akasema kwa unyonge.

Nusura nimhurumie. Nikaikuza picha upande wake. Alikuwa anatazama kamera, anatabasamu vizuri kabisa. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya bakuli lake mwenyewe, vidole vimebanwa, umelifunika lote. Chafya ndiyo kwanza inatoka, mkono umeshafika. Mkono wa mtu asiyejua hauwahi namna hiyo.

"Na huu je?" nikamuuliza.

Akautazama mkono kwenye picha, kisha akautia wake mfukoni.

Siku hizi mimi na mwanangu tunakula jikoni, na kikohozi kimemwisha. Baba mkwe huja mlangoni, masikini, ananiuliza kama amenikosea.

"Hapana, baba," namjibu. "Ninayemwonea kinyaa si wewe."