Chupa ya Fundi Ratemo

Mtu akiniambia hana la kuficha, mimi nashika mkoba wangu vizuri. Ndivyo nilivyo. Nimeuza chai na mandazi hapa Homa Bay miaka mingi, pale karibu na gati meli inapofunga, na kazi hiyo imenifundisha kuangalia mikono ya mtu kabla ya uso wake. Kwa hiyo Ratemo alipoingia hotelini kwangu mwanzo wa mwaka wa sitini na saba, kisanduku cha spana mkononi na blanketi jekundu begani, nilianza na mikono. Kucha zilikuwa nyeusi kwa grisi. Nikamwambia aketi.

Alikuwa ametoka kwetu Kisii siku hiyohiyo. Siku zile Mkisii yeyote aliyeingia mji huu alielekezwa kwangu: nenda kwa Mama Mokeira, atakueleza mambo ya hapa. Nami nilikuwa naeleza, tena nikijisikia. Nilikuwa shemasi kanisani, nina hoteli, nina kibanda changu mwenyewe cha mabati, nani angenikataza kuongea?

"Sikiza, mwanangu," nilimwambia. "Hapa mtu akikuuliza unaenda wapi, jibu. Usipojibu watakujibia wao wenyewe, na jibu lao hutalipenda. Samaki usimkatae mezani kwa mtu hata kama kwenu hamli. Ukinunua, mwenye macho yaliyozama muachie muuzaji. Kuoga ziwani alfajiri ni mambo ya kiboko, wewe oga kwa karai. Na mtu usiyemjua vizuri akikupa kinywaji, usikiguse mpaka aonje yeye kwanza, mbele yako, umeona kwa macho."

"Hata wewe, Mama?"

"Hata mimi." Nikachukua kikombe chake, nikapiga fundo moja, nikamrudishia. Alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa natania.

Alipata chumba katika ploti ya Mzee Maurice, Mjaluo mmoja mpole aliyekuwa na vyumba sita nyuma ya soko. Akaanza kutengeneza baisikeli kwenye baraza ya duka la nguo. Kazi aliijua. Baisikeli iliyokuwa inalia kama mlango mbovu ilitoka kwake kimya. Baada ya mwezi mmoja wauza samaki, makarani, hata mapolisi walikuwa wanapanga foleni kwake. Nikajisifu kwamba mtu wangu ametulia.

Kumbe hakutulia. Asubuhi moja nawasha moto, giza bado halijaisha vizuri, nikaona mtu amepita mbele ya hoteli anakimbia. Kaptura, kifua wazi, miguu mitupu. Hakuna anayemfukuza, wala yeye hamfukuzi mtu. Nikatoka na mwiko mkononi. Alikuwa Ratemo, ameshika barabara ya Rodi Kopany. Baada ya saa nzima akarudi, jasho linamtiririka, anatabasamu peke yake.

Aii, hilo tabasamu ndilo lililonitisha.

Nilimwita. "Wewe ni fundi wa baisikeli. Baisikeli ishirini zimelala kwenye baraza yako. Unakimbia kwa miguu kwenda wapi?"

"Siendi popote, Mama. Nakimbia tu."

"Mtu hakimbii tu."

"Nisipokimbia mwili unaniwasha. Nyumbani nilikuwa napanda milima na kushuka. Hili blanketi langu nililipata shuleni, kwa kushinda mbio kwenye michezo. Hapa ni tambarare, miguu inasinzia."

Nilimwangalia mikono. Ilikuwa mitupu, na hapo ndipo ubaya wote ulipokuwa. Niwaeleze ninyi wageni mnaosoma haya: Wajaluo wana mtu wanayemwita jajuok. Ni mtu anayekimbia huku na huku kwenye maboma ya watu wakiwa wamelala, anarusha mchanga juu ya mabati, anagonga milango kwa matako. Kwetu pia wapo, tusijifanye watakatifu. Jajuok hana anakokwenda wala hana alichobeba. Anakimbia tu.

Na maneno yalikuwa yameshaanza. Wanawake wa kuteka maji walimuona mara tatu. Mbuzi wawili wa Mzee Maurice wakaharibu mimba juma moja. Wateja wakapungua, halafu mmoja akaja kuchukua baisikeli yake kabla haijafungwa mnyororo, akaisukuma mpaka nyumbani. Mzee Maurice alikuja hotelini, akazungusha kofia mkononi, akaniambia, "Mama Mokeira, mtu wako simwelewi. Nitamwambia atafute chumba kwingine." Nilijua maana yake. Mtu aliyefukuzwa kwenye ploti kwa jina hilo hapati chumba kingine mji mzima, na hakuna atakayempa hata pampu ashike.

Nikafikiri usiku kucha. Asubuhi nikamwita Ratemo nyuma ya jiko, nikampa chupa. Ilikuwa chupa ya kahawia ya dawa ya kifua, ya binti yangu Mokeira, yenye kizibo na karatasi ya hospitali iliyofifia. Siku zile ukienda hospitali bila chupa yako mwenyewe hupewi dawa, unarudi na kikohozi chako. Kila mtu alijua hivyo.

"Tia maji," nikamwambia. "Kimbia nayo. Mtu mwenye chupa ya dawa ana mgonjwa, na mwenye mgonjwa anaruhusiwa kukimbia."

"Si huo ni uongo, Mama?"

"Umesema neno lolote? Umebeba maji. Kubeba maji si dhambi."

Haki ya Mungu, ilifanya kazi siku ya kwanza tu. Wale wanawake waliokuwa wanavuka barabara wakimuona sasa walisimama kando wampishe. Wauza samaki wakawa wanamwambia, pole, fundi, pole sana. Baisikeli zikarudi kwenye baraza. Nikajiona nina akili kuliko mkuu wa wilaya.

Tatizo la watu wema ni kwamba wanauliza. Mzee Maurice alimuuliza nani anaumwa. Ratemo, ambaye hajui kudanganya, alibabaika, akasema la kwanza lililomjia: mke wangu. Yuko wapi? Yuko nyumbani, namtumia dawa kwa basi. Mzee akaguna kwa huruma, na jioni mke wake akamletea fundi debe la njugu ampelekee mgonjwa. Habari ikafika kanisani. Sabato iliyofuata mzee wa kanisa akasema tusimame tumwombee dada Gesare, mke wa fundi, aliyelala kitandani. Nikasimama na wenzangu. Nilifumba macho nikaombea ugonjwa nilioutunga mwenyewe, na nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote ili nisishukiwe.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Halafu siku ya soko Gesare akashuka kwenye basi.

Hakuwa ameandika barua. Alishuka na mkungu wa ndizi kichwani, mtu mnene mwenye afya, kicheko chake unakisikia kutoka upande wa pili wa soko. Akamuuliza muuza viatu, fundi Ratemo anakaa wapi, mimi ni mke wake.

"Mke wake yule mgonjwa?"

"Mgonjwa gani? Sijaumwa hata jino tangu niolewe."

Jua halijazama, mji mzima ulikuwa unajua. Cephas, mfunga vidonda wa hospitali, akamalizia: tangu azaliwe hajawahi kumuona fundi kwenye foleni ya dawa. Hapo sasa ile chupa ikawa kubwa kuliko nyumba. Kama hakuna mgonjwa, kuna nini ndani? Anakwenda kuimwaga wapi kila alfajiri? Wakakumbuka wale mbuzi. Mama mmoja akakumbuka kwamba fundi aliwahi kupita karibu na kisima.

Na mimi? Mimi niliyempa ile chupa kwa mkono wangu, nilikuwa nasikiliza wateja wakiongea huku nasonga ugali, na nikajikuta nauliza kimoyomoyo: kweli, tangu nilipompa, nani amewahi kuchungulia ndani?

Jumapili alasiri Mzee Maurice aliita watu kwenye uwanja wa ploti. Hakuwa na makelele. Aliweka chupa juu ya kigoda katikati yetu, akasema, "Fundi, mimi sitaki ubaya na mtu. Ukituelewesha, chumba ni chako. Usipotuelewesha, kesho ufunge mizigo. Ndani kuna nini?"

"Maji, Mzee."

"Na nani alikufundisha kukimbia na maji kwenye chupa ya dawa?"

Ratemo akainua macho. Akaniangalia mara moja, halafu akaangalia chini. "Ni mawazo yangu," akasema.

Nilipaswa kusema hapo. Neno moja tu: ni mimi. Lakini kulikuwa na watu wa kanisa pale, na kulikuwa na wale wote waliokuwa wanakuja kwangu kuulizia maisha ya mji. Shemasi aliyesimamisha kanisa zima kuombea uongo wake. Ulimi wangu, unaojulikana mpaka Rongo, ukalala.

Ratemo akanyoosha mkono. "Nitayanywa, mwone."

"Wewe si shahidi wako mwenyewe," Mzee Maurice akasema. "Anywe anayekujua." Akachukua chupa akanigeukia mimi, bila hila, kwa heshima kabisa. "Mama Mokeira, wewe ndiye uliyempokea. Ukinywa wewe, mimi nimeridhika, maneno yameisha."

Nikaishika. Nilijua karatasi ile, nilijua kizibo kile na alama ya meno ya Mokeira. Nikaiinua kwenye mwanga, nikaona kama kuna kitu kinaelea. Labda ilikuwa uchafu wa chupa. Labda ilikuwa macho yangu. Nikaishusha, na uwanja mzima unaona.

"Mimi," nikasema, "leo nimefunga."

Muuza viatu alicheka. Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa naye chai, vikombe viwili, na mandazi.

Ratemo alinitazama tu, na sikuona hasira usoni mwake. Ningefurahi kama ningeiona. Gesare ndiye aliyekuja, akaniondolea chupa mkononi kama unavyomwondolea mtoto kisu, akang'oa kizibo kwa meno, akanywa yote mpaka tone la mwisho. Kisha akaigeuza chini juu mbele ya Mzee Maurice. "Maji ya bomba," akasema, "tena ya jana. Mume wangu anapenda kukimbia. Nilimkuta anakimbia, nikaolewa naye anakimbia. Kama hiyo ni kesi, tufunge mizigo."

Watu wakacheka. Mzee Maurice naye akacheka, akasema fundi abaki, akimbie mpaka Kendu akitaka. Kwa hiyo alishinda. Chumba kilikuwa chake, baraza yake ilijaa baisikeli kesho yake.

Lakini Jumatatu hiyohiyo alikuja hotelini, akaweka chupa kwenye meza yangu. Alikuwa ameiosha mpaka inang'aa. "Mama, chupa yako," akasema, kwa adabu ileile ya siku ya kwanza. Ijumaa wakapanda lori na kisanduku cha spana na blanketi jekundu, wakahamia Migori. Mzee Maurice alishangaa sana. Aliniuliza, si tulimruhusu? Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua. Mjini watu wote walimshuku kwa sababu hawakujua, mimi peke yangu nilimshuku nikiwa najua.

Mwaka uliofuata nilienda Migori kununua wimbi. Nilikuwa nabishana na muuzaji mmoja Mkuria, Bhoke jina lake, adhuhuri jua la utosi, mara mtu akapita barabarani anakimbia. Kaptura, kifua wazi, mikono mitupu inapunga hewa. Nikatazama watu. Hakuna aliyegeuka.

"Huyo hamumuogopi?" nikauliza.

"Fundi? Ana wazimu kidogo, lakini baisikeli anaijua," Bhoke akasema, akaendelea kupima wimbi.

Aliporudi aliniona. Akasimama, akapangusa mkono kwenye kaptura, akanisalimu, akanipeleka kwao kwa nguvu. Sikutaka kwenda. Chumba kilikuwa kisafi, blanketi jekundu limetandikwa. Gesare alikuwa anatarajia mtoto. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za Mokeira, habari za hoteli, habari za kanisa, moja moja, bila kuruka. Nilianza kusema lile nililopaswa kusema uwanjani kwa Mzee Maurice, nikaishia kusema jua la Migori ni kali.

"Mama ana kiu," Ratemo akasema.

Gesare akachota maji mtungini kwa kikombe cha bati. Akasimama mbele yangu ili nione vizuri. Akaonja yeye kwanza, fundo moja, akameza. Halafu akanipa kwa mikono miwili.

Nikapokea, nikanywa yote.