Moja Tisa Ubaoni

Kila ninapopita penye tumbaku inayokaushwa, iwe Urambo au Chunya, koo hunikwaruza na hasira hunipanda kana kwamba ni jana. Harufu ile ndiyo iliyotupokea Katumba, mimi na baba, baada ya safari ya treni kutoka Dodoma, tukibadilisha Tabora, nimekaa juu ya gunia la vyombo hadi miguu ikafa ganzi. Baba alikuwa bwana shamba, amehamishiwa kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Nikaanza darasa la sita.

Niliketi dawati moja na Joselina, binti wa wakimbizi wa pale, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa tumbaku. Aliniita bwana shamba mdogo kwa vile sikujua hata kufunga majani. Akanifundisha: unayafunga matatu matatu kwenye ufito, ufito ukijaa unaingia bani, kibanda cha kukaushia.

Mwaka ule mwalimu wa hisabati alitakiwa kupeleka mwanafunzi mmoja kwenye mashindano Mpanda mjini. Akaandika ubaoni 111,111,111, akauliza kama ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Wiki nzima alikuwa ametuambia kwamba namba yenye moja tupu haina wa kuigawa. Tukaitikia: tasa. Joselina akasimama.

“Inagawanyika kwa tatu, Mwalimu. Majani kumi ukiyafunga matatu matatu, linabaki moja. Mia, linabaki moja. Elfu, vilevile. Hapo moja ziko tisa, kwa hiyo yanabaki majani tisa, nayo yanafungika yote.”

Darasa likacheka. Mwalimu akasema shule si bani, akamchapa fimbo mbili, akaandika jina langu.

Nyumbani niliigawa mwenyewe. Nikapata 37,037,037. Nikagawa tena kwa tatu: 12,345,679, tarakimu zimejipanga foleni, nane tu ndiyo haipo. Nilishangaa uzuri wake, kisha nikafunga daftari. Nilitaka kwenda Mpanda. Nilikwenda, nikanywa soda, nikashika mkia.

Mwaka uliofuata baba alihamishwa tena. Asubuhi ya kuondoka nilimfuata Joselina banini nikamweleza yote. Hakuacha kufunga majani.

“Kwani Mwalimu hakujua? Kesho yake baada ya zile fimbo alikuja nyumbani, akala ugali wetu, akamwambia baba yangu kwamba ili nitoke makazini nahitaji kibali, na yeye hawezi kuhangaika maofisini kwa ajili ya mtoto mmoja.”

Wakati ule niliona aibu tu. Nimezunguka nchi hii nusu ya maisha yangu ndipo nikaelewa, na bado kunanichoma: mtu aliyesomea ualimu aliona ni rahisi kuisingizia namba na kumchapa mtoto kuliko kuomba karatasi.

Lori letu lilipofika kwenye kizuizi cha kutokea makazini, askari alichungulia, akamwona baba, akainua mti. Mimi hakuniuliza kibali chochote.