Kioo Nilichokipaka Kiazi

Mwezi wa saba, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilikuwa mtu pekee katika kituo cha basi cha Discovery Gardens, Dubai, aliyevaa soksi jozi mbili na kubeba koti zito mkononi. Jua lilikuwa bado halijatoka na tayari shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Mlinzi mmoja wa Kisii, tuliyekuwa tukipanda basi moja, alikuwa na swali lake la kila siku.

“Boss, leo theluji inaanguka wapi?”

“Ilipo kazi yangu.”

“Haya, utuletee kidogo kwa kikombe.”

Alidhani ni mzaha. Kumbe ni kweli nilikuwa naenda kuosha vioo penye theluji. Katika jumba moja kubwa la maduka, hatua chache tu kutoka kwenye viatu na manukato, kuna ukumbi wa theluji. Ndani yake ni nyuzi nne chini ya sifuri mwaka mzima. Kuna mteremko ambako watu huteleza, na chini ya mteremko kuna mgahawa uliotenganishwa na theluji kwa ukuta wa kioo, mrefu kama malori mawili yakifuatana. Wateja hukaa upande wa joto, wanakunywa chokoleti na kuangalia wenzao wakianguka. Upande wa baridi, kabla hawajafika, ni sisi na ndoo zetu.

Kabla ya hapo nilikuwa wa kamba. Misimu miwili ya kiangazi nilining’inia kwenye maghorofa ya Oud Metha, nikiosha madirisha ya maofisi na ya kliniki kwa nje, kioo kikinirudishia jua usoni. Asubuhi moja, nikiwa usawa wa ghorofa ya kumi na moja, niliona barabara ya chini ikizunguka taratibu kama santuri. Waliponishusha nilikuwa nimeing’ata kamba kwa meno. Baada ya siku tatu kampuni ikasema kuna nafasi moja kwenye ukumbi wa theluji, ila ni ya majaribio. Siku saba. Siku ya saba, meneja wa mgahawa atatia sahihi fomu. Akitia, nabaki. Asipotia, narudi kwenye kamba.

Kamba sikuitaka tena. Nililala nikiiona, nikaamka nikiiona. Kwa hiyo msimamizi aliponiuliza kama nitaiweza baridi, nilimjibu bila kupepesa macho kwamba nilizaliwa ndani ya barafu.

Haikuwa uongo wote. Mimi ni mtu wa Kinangop, juu kabisa, ambako kuna asubuhi unatoka nje unakuta sakitu, ule umande ulioganda, imeunguza majani ya viazi na nyasi zinavunjika chini ya viatu kama biskuti. Nimehama mara nyingi tangu nimalize kidato cha nne. Nakuru, Mombasa, Doha, Dubai. Siwezi kueleza vizuri kwa nini nahama. Miguu huwasha tu, nafunga begi. Lakini kila nilikofika kulikuwa na joto, na kila kwenye joto nilitamani ile asubuhi ya kwetu. Sasa fikiria mtu huyu, miaka arobaini na tatu, anafunguliwa mlango mzito kama wa stoo ya nyama, na baridi inampiga usoni na harufu yake ile ile ya chuma kibichi.

Nilicheka. Sikukusudia. Nilicheka mpaka mvuke ukanitoka kama treni, kisha nikajitupa kwenye theluji na buti zangu na mkanda wangu wa vifaa.

“Makubwa haya!” Sauti ilitoka kwenye rundo la mitandio. “Wameniletea mtoto wa chekechea!”

Huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa zamu yetu, dada wa Tanga, mfupi, mwenye mitandio mitatu chini ya kofia ya koti. Zamu ilikuwa ya watu wawili tu, yeye na mimi. Aliichukia baridi kwa moyo wake wote na alikuwa amefanya kazi ndani yake miaka sita.

“Dada, samahani. Ni furaha tu.”

“Furaha yako iweke kwenye ndoo, kaka. Kioo hakisafishwi kwa kucheka.”

Alinifundisha. Maji ya vuguvugu, nusu ndoo. Spiriti vikombe viwili, maana hiyo ndiyo inayozuia maji yasigande. Sabuni tone moja. Unalowesha eneo dogo, upana wa mikono yako, halafu hapo hapo unavuta waipa, ule mpira mwembamba wenye mpini, kutoka juu mpaka chini. Ukikawia kwa muda wa pumzi tatu, umechelewa. Na hata kupumua kwenyewe kuna utaratibu, kwa sababu pumzi ikigusa kioo inageuka barafu.

“Pumua pembeni,” alisema. “Kioo si maikrofoni.”

Siku sita zilikwenda vizuri. Naweza kusema zilikwenda kwa kuruka. Vidole viliuma, masikio yaliuma, na bado kila asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Tukimaliza nilipanda na ndoo mpaka katikati ya mteremko na kushuka nayo nimeikalia, huku yule dada akipiga kelele kwamba ataniripoti, na mara ya tatu akauliza kama ndoo inaweza kubeba wawili. Nilikuwa naongea peke yangu Kikikuyu, lugha ambayo sikuwa nimeiongea kwa sauti tangu mama afariki. Madam, meneja wa mgahawa, mama wa Kilebanoni mwenye miwani kwenye mnyororo, alikuwa akinitazama kutoka upande wa pili wa kioo na haoneshi lolote.

Siku ya saba ikafika. Pazia la chuma la mlango wa mgahawa lilikuwa likipandishwa saa nne kamili asubuhi, na fomu yangu ilikuwa mezani kwa Madam tangu jana yake.

Saa mbili hivi dada wa Tanga alichukua dumu la spiriti na kupanda nalo juu, kwenye kibanda cha mtu anayeendesha viti vya kupandisha watu mlimani. Kibanda hicho kilikuwa na vioo vinne vilivyoganda.

“Umebaki na nusu ndoo,” aliniambia. “Ikiisha, nisubiri. Usianze kujitungia mambo yako.”

“Sawa, dada.”

“Nakuona macho yako. Nisubiri!”

Iliisha nikiwa nimefika katikati ya ukuta. Nilisubiri, kweli nilisubiri, labda dakika tano. Lakini nilikuwa mtu aliyelewa bila pombe. Kioo nusu kiling’aa, nusu kilikuwa na ukungu, na fomu ilikuwa pale mezani. Nikaona jinsi itakavyopendeza nikimshangaza dada akishuka akute kazi imekwisha. Hapo ndipo nilipokumbuka kiazi.

Nilipotoka shule nilifanya kazi ya kupakia viazi kwenye malori. Alfajiri, kabla ya kuteremka kwenda Naivasha, dereva wetu alikuwa akichukua kiazi kibichi, anakikata katikati kwa kisu cha mfukoni, anasugua kioo cha mbele cha lori kwa ile sehemu nyeupe. Ukungu haukushika tena. Hata mvua iliteleza. Kwetu hakuna dereva asiyejua hilo, na hakuna mpakiaji ambaye hajatumwa, “Lete kiazi, kikubwa!”

Nilizunguka mpaka mlango wa nyuma wa jikoni, nikaomba viazi sita. Mpishi alinipa bila kuuliza. Nadhani koti langu lilimtisha. Nikarudi, nikakata, nikasugua. Jamani. Kioo kilikuwa kama hakipo! Niliona kila kiti cha mgahawa, kila uma. Nilisugua nikiimba. Nilipanda ngazi, nikashuka, nikasugua nusu yote iliyobaki, na kwa kuwa mkono ulikuwa umekolea, nikarudia na ile nusu ambayo tayari ilikuwa safi.

Kisha nikarudi nyuma hatua kumi ili nifurahie.

Kilianza pembeni, chini. Mchirizi mweupe, halafu mwingine, halafu ukatanda. Maji ya kiazi yaliganda na wanga wake ndani yake, na ukuta mzima, urefu wa malori mawili, ukageuka rangi ya uji. Niliusugua kwa kitambaa. Kitambaa kikanata pale pale na kuning’inia. Nikavuta waipa, ikaruka juu ya barafu ikilia kama kuku. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika tano.

Dada wa Tanga alishuka na dumu mkononi. Alisimama. Alinitazama, akautazama ukuta, akaona maganda ya viazi kwenye theluji.

“Kaka,” alisema polepole. “Hivi kwenu kioo kinaoshwa au kinapikwa?”

Halafu akakaa chini kwenye theluji, yeye anayeichukia, akacheka mpaka mtandio mmoja ukamtoka. Nami, badala ya kulia, nikaanza kucheka pia. Tulicheka kama wendawazimu wawili mbele ya ukuta wa uji.

“Spiriti imebaki kiasi gani?” nilimwuliza nilipopata pumzi.

Aligeuza dumu. Halikutoka hata tone.

“Stoo?”

“Stoo wanafungua saa tano. Wallahi, leo unarudi Oud Metha.”

Hapo kicheko kilinikauka. Niliona barabara ikizunguka chini yangu.

Tulijaribu kukwangua kwa kisu cha plastiki cha kukwangulia barafu. Kilitoa mistari myembamba tu. Barafu ilikuwa imeshika kioo kama gundi. Dada aliweka kiganja kwenye ukuta, akafikiri.

“Ingelegea kutokea upande wa pili,” alisema. “Kama kungekuwa na joto zaidi kule ndani, ingeachia.”

“Kule ndani ni kwa Madam.”

“Ndiyo.”

“Nikimwambia, nimejimaliza.”

“Usipomwambia, saa nne pazia linapanda na wateja wanaona. Chagua, kaka. Mimi nitasema tulikuwa wote.”

“Hapana. Kiazi ni changu.”

Nilikwangua tundu dogo la ukubwa wa sahani, nikachungulia. Madam alikuwa upande wa pili, hatua mbili kutoka kwangu, ameweka miwani machoni. Kioo kile hakipitishi sauti. Kwa hiyo niliinua nusu ya kiazi, nikakionesha, nikajionesha mimi, nikauonesha ukuta, nikaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Madam aliangalia kiazi. Alionesha jikoni, kisha mdomo wake. Alidhani nina njaa.

Basi nikatoka mbio. Mlango mzito, korido, mlango wa jikoni, na ndani ya mgahawa nikasimama mbele yake nikifuka moshi mwili mzima, theluji ikiyeyuka kutoka kwenye buti zangu na kulowesha zulia lake.

“Madam, mimi ndiye niliyeharibu kioo. Nimekipaka kiazi.”

“Umekipaka nini?”

“Kiazi kibichi, Madam. Nyumbani tunafanya hivyo kwenye malori. Mwenzangu alinikataza nisijitungie mambo, hana kosa.”

Alivua miwani. Ikabaki ikining’inia.

“Wewe ulipaka kiazi kwenye kioo changu,” alisema, si kama swali.

“Ndiyo, Madam. Lakini kinaweza kutoka ukinipa joto upande huu. Zile hita za umeme mnazoweka nje kwenye baraza wakati wa Januari. Kwa mbali kidogo, kioo kisije kikapasuka.”

Aliangalia saa ya mkononi. Nilisubiri neno moja tu. Alipiga makofi mawili kuelekea jikoni.

“Yalla! Hita zote! Zote!”

Wahudumu wanne walizitoa stoo ya mgahawa na vumbi lake, wakazipanga hatua tatu kutoka kwenye kioo. Nilirudi kwenye baridi. Dada alikuwa tayari na kisu chake, mimi na changu. Dakika kumi hazikuleta kitu. Kisha, juu kidogo ya magoti yangu, barafu ilitoa mlio mdogo, nikaingiza bapa chini yake, na kipande kizima kikaachia na kuanguka kikiwa kimoja, chembamba, kama ganda la kitunguu.

“Inatoka!” nilipiga kelele.

“Usishangilie, kwangua!”

Tulikwangua kwa mikono miwili. Yeye chini, mimi juu ya ngazi. Vipande vilianguka vikubwa vikubwa, na vingine vilimwangukia kichwani, naye akanitukana kwa Kiswahili safi cha Tanga ambacho hata matusi yake yanasikika kama salamu. Kwenye kioo kilichotoka tulipitisha kitambaa kikavu, bila maji, haraka, tukipumua pembeni. Upande wa pili wahudumu waliacha kazi zao wakatuonesha kwa vidole: pale, pale, na pale. Mpishi aliyenipa viazi alikuwa amejishika kichwa.

Saa nne kasorobo tulikuwa bado na upana wa lori nusu. Saa nne kasoro dakika mbili mkono wangu wa kulia haukusikia tena amri. Pazia la mlangoni lilianza kupanda tukiwa bado tunafuta, na watoto watatu wakapenya chini yake, wakaja mbio mpaka pua zao zikagusa kioo. Walituona tumesimama na visu, tumefunikwa na magamba meupe, tukihema. Wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Kilibaki kipande kimoja. Kona ya juu kushoto, ukubwa wa mkate, ambako ngazi haikufika vizuri. Madam alikuja, akakitazama muda mrefu. Nilimfuata kwa macho kutoka upande wangu. Alichukua fomu mezani, akaiweka kwenye kioo ili aandikie hapo, na kwa kuwa karatasi ilipitisha mwanga, mimi nikasoma kwa nyuma, herufi zikiwa kinyumenyume, sahihi yake ikijikunja kama waya. Chini yake, kwenye nafasi ya maoni, aliandika mstari mmoja. Dada ndiye aliyeutambua kwanza, kwa sababu alianza kucheka kabla yangu.

Ulisema: asiruhusiwe kuingia jikoni.

Kisha Madam alinyoosha kidole kuelekea kona ile ya juu, akatamka neno ambalo sikulisikia lakini niliweza kulisoma mdomoni, kesho. Na kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, nilipanda ngazi ndefu zaidi niliyoazima kwa mafundi wa taa, nikiwa na ndoo yenye spiriti vikombe viwili, nikakilowesha kile kipande na kuvuta waipa mara moja, kutoka juu mpaka chini.