Nilivyomkana baba yangu mbele ya mpambe wa diwani

Wakuu, habari za humu. Hili sijawahi kumsimulia hata mume wangu. Sijaongeza chumvi.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulinikuta Moshi mjini, fundi cherehani kwenye kibanda nilichopewa na diwani. Kupewa maana yake sikuwa na karatasi yoyote. Wenye vibanda wote tulikuwa hivyo, na tulijua tunatakiwa kumpigia nani.

Kampeni zilipochanganya, mpambe wake akaanza kupita na daftari, anaandika namba za shahada zetu za kupigia kura.

"Tutajua nani katugeuka," alisema kwa upole kabisa. Upole ule ndio ulinitisha.

Sasa baba yangu, mkulima wa kahawa kule Uru, alikuwa amejiunga na chama kipya. Huku mjini hawakumjua, nami nilinyamaza.

Siku hiyo mpambe kakaa kwenye benchi langu, daftari mkononi. Nikamwona baba anakuja, mkungu wa ndizi begani, kofia ya chama kipya kichwani.

Wakuu, nikainamia cherehani kama sijamwona.

"Huyu mzee ni wa kwenu?" mpambe akauliza.

"Hapana. Ni mteja."

Baba alishafika. Alisikia.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Suruali yako bado."

Alinitazama kidogo. "Marahaba, fundi. Nitapita siku nyingine."

Akageuka na ndizi zake, akaanza kuupanda mlima na jua lile.

Siku ya kura niliweka alama peke yangu, hakuna wa kunichungulia. Nilimpa diwani. Akashinda.

Haikupita miezi mingi, kibanda akapewa mpwa wake. Hakuna aliyenieleza kitu.

Nikapanda Uru kuomba radhi. Baba alikuwa anapalilia kahawa. Nikapiga magoti palepale shambani.

"Inuka," akasema. "Siku ile nilichoogopa ni ulimi wangu. Nimezoea kukuita mama. Ningekuita vile mbele yake, ungekwisha."

Hatukulizungumza tena mpaka anafariki.

Nilichojifunza: ukipewa riziki kwa hisani ya mkubwa, hofu yake inaingia mpaka ndani kwenu. Na kura yangu hakuna aliyeiona. Nilijifunga mwenyewe.

Wale wa miaka ile, ninyi mlimkana nani? Semeni tu, mimi nimeshaanza.