Radi Aingia Majini

Walimwita Radi, jina alilojipatia kwenye gemu, maana kwa tabia alikuwa msichana mpole wa miaka kumi na sita, asiyekanyaga hata sisimizi. Lakini mpe padi ya kuchezea mkononi umwone! Aliwatoa jasho watu wazima wenye ndevu zao, watu wa mbali asiowajua sura, kisha akacheka peke yake. Akitoka shule hupitiliza chumbani, akavaa hedifoni, na mkaonana tena wakati wa chakula.

"Yule si binti yangu tena," mama yake alizoea kusema. "Ni mpangaji."

Walimkanya, wakamnunia, wakamfichia nyaya. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kilichomwachisha gemu kilikuwa kingine kabisa.

Mama yake mdogo, msusi aliyeishi nao, alipanda stuli jikoni alasiri moja kushusha sufuria juu ya kabati. Stuli ikayumba, naye akaenda chini kama gunia. Nyumbani walikuwa wao wawili tu. Akaita. Akaita tena, safari hii kwa jina kamili la msichana, lile la kwenye vyeti. Chumbani, Radi alikuwa akisikia milipuko na risasi. Alipotoka hatimaye kwenda kunywa maji, alimkuta mama mdogo ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kifundo cha mguu kimevimba ti.

"Mama mdogo! Umeanguka saa ngapi?"

"Hata kuita nimeshaacha, mwanangu. Nilidhani umehama."

Alisema huku akicheka, ila mashavuni alikuwa na michirizi ya machozi yaliyokwisha kukauka. Radi alingoja atukanwe. Wapi! Wakubwa waliporudi, mama mdogo aliwaambia ameteleza, basi. Kule kutotajwa ndiko kulikomchoma Radi kuliko fimbo.

Kesho yake aliifungasha mashine ya gemu, akampelekea binamu yake.

"Kaa nayo. Nikija kuiomba, usinipe."

"Hata ukilia?"

"Nikilia ndiyo usinipe kabisa."

Kuacha ni neno jepesi mdomoni. Wiki za mwanzo mikono ilimwasha, na vidole gumba vikawa vinacheza vyenyewe mezani. Alasiri zilirefuka kana kwamba jua limesahau njia ya kwenda kuzama. Akajaribu kuchora. Akamchora paka, kaka yake akamtazama paka yule kwa huruma, akauliza birika hilo linavuja wapi. Akajaribu kufuma sweta; uzi ukajisokota hadi ukawa kiota, akausukumia uvunguni.

Mguu wa mama mdogo ulipopata nafuu, daktari alimshauri awe anatembea ndani ya maji, yamsaidie kubeba uzito. Naye mama mdogo alikuwa mwoga hata wa beseni lililojaa.

"Siendi peke yangu," akasema. "Radi atanisindikiza."

"Nitakushikia mkoba tu," Radi akakubali, shingo upande.

Bwawa la kuogelea lilikuwa ndani ya jengo la zamani, vigae vya kijani vimebanduka hapa na pale, harufu ya dawa ya maji inakupokea mlangoni. Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya kina mama. Kocha wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha wafu, alimwona Radi kasimama kando.

"Na huyu je?"

"Ameshika mkoba," mama mdogo akajibu.

"Mkoba hauna haja ya kushikwa. Hauzami ukiwa nchi kavu."

Akaazimwa vazi la kuogelea lililompwaya. Alipofika ukingoni akasita, akageuka.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," mama mdogo akamwambia kutoka majini, amekumbatia ngazi kwa mikono miwili. "Na wewe nguo umeshavua."

Radi akapiga moyo konde, akajitosa. Maji yakamwingia puani. Aliibuka akikohoa, akirusha ngumi na mateke, na kina mama wakavunjika mbavu kwa kicheko.

"Unapigana na nani, binti?" kocha akamwuliza. "Legeza mwili. Lala kama uko kitandani."

Radi hakuzoea kuwa wa mwisho. Hapa alikuwa mkia, tena mkia wa kuku aliyenyonyolewa. Hata bibi mmoja mwenye wajukuu lukuki alimpita akiongea na mwenzake habari za bei ya vitunguu. Lakini ajabu ni kwamba alitoka mle ndani na njaa kali na moyo mweupe. Jumamosi iliyofuata aliamka kabla ya kuamshwa.

Ikamchukua muda kujifunza kuelea. Siku ilipowezekana, alilala chali akiangalia dari chakavu, akasahau kabisa kwamba ameshaweza. Kisha akamwendea mama mdogo pale kwenye ngazi yake.

"Achia. Nimekushika."

"Usiniachie, mwanangu!"

"Siachii."

Mama mdogo akafumba macho, akasoma dua zote anazozijua, akalala juu ya viganja vya Radi. Walikaa hivyo kitambo.

Kwa kuwa nywele za kina mama zikilowa bwawani hutaka kusukwa upya, Radi akaanza kumsaidia mama mdogo saluni kwake jioni. Mstari wake wa kwanza ulikwenda upande kama mlevi. Mteja akajitazama kwenye kioo, akasema afadhali, ni mtindo mpya. Siku hizi mistari yake imenyooka, na wapo wateja wanaomngoja yeye.

Gemu bado analikumbuka, hasa mvua ikinyesha na kazi hakuna. Mara mojamoja huenda kwa binamu, wakacheza raundi mbili tatu, akapigwa, akaaga. Kesho ni Jumamosi, na kocha amesema watahamia upande wenye kina.