Silabi Moja katika Barua ya Baba

Harufu ya gundi na karatasi nyembamba ya bahasha za ndege ndiyo miaka ya sitini kwangu. Barua hizo zilitoka Uarabuni, alikokwenda baba kufanya kazi ya ukarani, zikatufikia katika vyumba vyetu viwili Mji wa Kale, nyuma ya Ngome. Mama alisoma na kuandika vizuri kwa herufi za Kiarabu, lakini baba aliandika kwa herufi za Kizungu alizozizoea kazini, na hizo mama hakuzijua. Hivyo nikawa macho yake, mtoto wa miaka tisa. Aliweka kando kofia aliyokuwa akiidarizi, ile kazi iliyotulisha, akasema, "Nisomee, Rukia. Polepole."

Barua za mwanzo zilisema nitakaporudi: nitakaporudi tutapaka nyumba chokaa, nitakaporudi nitamnunulia Rukia cherehani. Baadaye zikasema nikirudi. Mama, ambaye hakufundishwa sarufi hata siku moja, alisimamisha sindano. "Asema nikirudi?" "Ndiyo, mama." Akaendelea kushona. Kisha ikaja moja iliyosema, "Ningerudi, lakini kazi hainipi nafasi." Niliyatazama macho yake, mekundu kwa kushona, nikasoma nitarudi. Silabi moja tu niliibadili. Mama akatabasamu, nami nikajiona nimefanya jambo jema.

Kwa neno hilo alikataa kwenda Lamu kukaa na kaka yake, Mjomba Athumani, aliyekuja kutuchukua. Alingoja. Miezi ikapita, vidole vikamvimba, kodi ya nyumba ikawa inamnyima usingizi. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mjomba alipokuja mara ya pili, mama alimtolea ile barua kwa fahari. "Mwenyewe asema atarudi. Soma, kaka." Mjomba akasoma kwa sauti, akakwama. "Dada, hapa hapana nitarudi. Pameandikwa ningerudi."

Nilingoja kofi. Mama alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyetembea mwendo mrefu, "Maneno ya mtu ni amana, Rukia. Ukipewa uyafikishe, yafikishe yalivyo." Angeweza kuandika mwenyewe kwa herufi zake, lakini akaniamuru mimi nishike kalamu. "Andika: Rudi, au nipe talaka yangu. Usitie tafadhali." Nikaandika, sikuongeza wala kupunguza. Talaka ilikuja kabla ya Ramadhani, nasi tukahamia Lamu.

Leo wajukuu zangu huzungumza kwa simu na baba yao aliye ng'ambo, wanamwona hata uso. Hawana haja ya mtu wa kuwasomea. Mimi nimefundisha sarufi hadi nikachoka, nikastaafu, na uchovu haukustaafu nami. Darasani niliweza kueleza tofauti ya -ta- na -nge- kwa dakika tano, na watoto wakaelewa. Kumweleza mama kwa nini nilimngojesha miezi yote ile, sikuweza. Naye, mpaka anaingia kaburini, hakuniuliza.