Kitambaa Kilichokwama kwenye Gobore

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi kasoro robo alasiri, ndiyo kwanza nimevua yunifomu ya shule, niliposikia Baba akisema polepole, "Kimekwama." Alikuwa anasafisha gobore, maana kesho yake asubuhi lilitakiwa kukaguliwa kituo cha polisi, na likiwa bovu hawakurudishii. Bila gobore, nguruwe pori wanaoshuka kutoka msituni wangetumalizia viazi. Sasa Baba alikuwa amesokomeza kitambaa kinene mtutuni kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti. Mdeki ukatoka, kitambaa kikabaki.

Shangazi, dada yake Baba, ana gereji ya pikipiki kule Makumira. Alipofika kumsalimia Bibi, alimkuta Baba anapasha nondo kwenye jiko la mkaa.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaka, hiyo nondo ya nini?"

"Nikichome hicho kitambaa."

"Ukichome, au utuchome sisi?"

Bibi alikuwa anamenya ndizi. "Huyo tangu mdogo," akasema, "akiona tundu lazima aingize kitu."

Shangazi hakucheka. Alihakikisha kwanza hakuna fataki, kile kidude cha kulipulia baruti, kisha akaingiza mdeki mpaka ukagota. Akaubana kwa kidole pale mdomoni mwa mtutu, akautoa, akaulaza kwa nje ya mtutu kupima. Ulipungua shibiri nzima kufika mwisho wa mtutu.

"Kitambaa kimoja hakijazi hapa. Mara ya mwisho ulishindilia, ukapiga?"

Baba akafikiri. "Nilishindilia. Nguruwe hakuja."

Bibi akaweka kisu chini. Shangazi akaichukua ile nondo jikoni, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Halafu hakuharakisha kitu, na hapo ndipo nilipompenda zaidi. Aliuelekeza mtutu kwenye migomba, akatuweka sote nyuma yake. Akafungua kile kichuchu kinachovishwa fataki, akamimina maji kwenye tundu lake ili baruti ilowe, akanywa chai. Baadaye akafunga pampu ya grisi kwenye tundu lilelile. Anapampu kidogo, anatulia, anasikiliza, anapampu tena. Kikatoka kitambaa, kisha gololi zikadondoka kwenye beseni, mwisho baruti, imekuwa kama uji wa ulezi, na grisi nyuma yake.

"Beseni langu la unga hilo," Bibi akasema.

Nilimwangalia Shangazi akifuta mikono, nikatamani iwe yangu.

Asubuhi niliomba kumsindikiza Baba. Kituoni, afande alimulika mtutu kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi sana. Nani kasafisha?"

"Tulijitahidi tu, afande," Baba akasema.

Mimi mbele ya watu nisiowajua huwa natazama viatu vyangu. Nilivitazama kwanza. Kisha nikasema, "Ni Shangazi."

Afande akainama. "Nani?"

Nikarudia, na watu waliokaa kwenye benchi wakageuka.

"Shangazi yangu. Mwenye gereji."